Tupeane uzoefu: uliyewahi kudai fidia baada ya kuumizwa, ulikwama wapi?

Mama Pacha: Leo nimepita mahali gari limemgonga mtu wa baiskeli, yangu yote yakanirudia. Mliodai fidia njooni tusimuliane. Mimi nilikwama kwenye risiti. Dawa nilinunua, nauli za kliniki nililipa, karatasi sina hata moja. Maumivu waliyakubali, gharama wakasema nithibitishe.

Kifundo: Risiti! Usinikumbushe.

Sindano: Mimi niligongwa na gari la kampuni nikiwa kwenye kivuko cha waenda kwa miguu. Siku ya 4, bado nipo wodini, akaja kijana mpole, shati jeupe, bahasha mkononi na pole nyingi. Fedha ziko tayari, anasema, ni saini tu. Mkono wa kulia ulikuwa kwenye hogo, nikasaini kwa wa kushoto huku yeye akinishikia karatasi isiteleze juu ya shuka. Saini ikatoka kama ya mtoto wa chekechea. Nikajiona nimepata.

Miezi 5 baadaye vidole viwili havikunji. Na mimi ni fundi cherehani. Nikaenda kwa wakili, akaisoma ile karatasi, akaiweka mezani, akaniwekea kidole kwenye mstari mmoja: malipo haya ni kamili na ya mwisho, sitadai tena lolote litokanalo na ajali hii, liwe linajulikana sasa au halijulikani. Hilo "halijulikani" ndivyo vidole vyangu. Nikamwambia siku ile nilikuwa nimelewa dawa za maumivu. Akasema hoja hiyo ipo, ila nani alikuona? Muuguzi wa zamu, jina lake silikumbuki. Ndipo nikaelewa kwamba kwa kawaida fidia hulipwa mara moja, hupewi kidogo leo ukarudi mwakani kuongezewa. Anayekuharakisha kabla daktari hajaujua mwisho wa jeraha, anajua anachofanya. Kinachoniuma hadi leo ni kwamba nilimwambia asante.

Kifundo: Hadi asante! Pole sana fundi.

Nyundo: Poleni, ila wengine mnajitakia. Ukichangia kuumia kwako huna kesi. Umepanda pikipiki kichwa wazi, unamdai nani?

Karani Mstaafu: Nyundo, usipotoshe watu. Hiyo ya "umechangia, umekosa vyote" ni ya Uingereza ya kale, kesi ya Butterfield v Forrester, 1809. Bunge lao liliifuta mwaka 1945, sasa wanapunguza fidia tu. Someni Froom v Butcher ya 1976 kuhusu mkanda wa gari: kama mkanda ungezuia jeraha kabisa unakatwa asilimia 25, kama ungelipunguza asilimia 15, kama usingesaidia chochote hukatwi kitu.

Nyundo: Nimeishi Maryland, Marekani, miaka 6. Huko nilichosema ndiyo sheria hadi leo.

Karani Mstaafu: Maryland sawa, Alabama pia. Kwingi duniani sivyo. Ungetaja Maryland tangu mwanzo.

Nyundo: Hukuuliza.

Goti: Acheni hizo, sikilizeni. Niliteleza kwenye sakafu ya duka, goti la kulia likazunguka. Ripoti ya daktari ikaandikwa goti la KUSHOTO. Wakili wangu hakuona, mimi sikuona, na ilikaa kwenye faili mwaka mzima. Siku ya kutoa ushahidi wakili wa upande wa pili ananiuliza kwa upole, goti gani? La kulia. Una uhakika? Nina uhakika. Akaomba nipandishe suruali miguu yote miwili mbele ya jaji. Nikainama. Kovu la upasuaji lile pale, kulia, hata wa benchi la nyuma analiona. Ndipo akaisoma ripoti kwa sauti, akasema: basi kati ya huyu na daktari wake, mmoja si mkweli. Ukumbi kimya. Ngojeni, simu inaita.

Mama Pacha: Ikawaje??

Kifundo: Huyu katuacha suruali imepanda.

Tulia: Wakati tunamsubiri: piga picha siku hiyo hiyo, sakafu, viatu, jeraha. Andika daftari la maumivu kila siku. Na mkimbie wakili wa asilimia, yule anayelipwa kwa kukata sehemu ya fidia yako.

Sindano: Bila wakili wa asilimia wengine tusingefika hata getini.

Kifundo: Daftari la maumivu mimi niliandika siku mbili, ya tatu mkono ukauma.

Kiuno: Mimi waliniambia mgongo wangu ulikuwa mbovu tangu zamani, kwa hiyo hawahusiki.

Karani Mstaafu: Wanahusika. Anayekuumiza anakuchukua kama alivyokukuta. Smith v Leech Brain, 1962: mfanyakazi alirukiwa na madini yaliyoyeyuka, akaungua mdomo. Mwili wake ulishakuwa na mwelekeo wa saratani, jeraha dogo likaiamsha, akafa. Mjane alishinda. Ila wewe utalipwa walichokuongezea, si ubovu uliokuwa nao. Tafuta vipimo vya kabla ya ajali.

Kiuno: Vipimo hivyo hivyo ndivyo wanavyotumia kunipinga!

Goti: Nimerudi. Daktari aliitwa, akaja na kadi ya siku ya kwanza, mwandiko wake mwenyewe: kulia. Aliyechapa ripoti ndiye aliyekosea. Nilishinda, ila jaji alinikata theluthi. Kulikuwa na kibao cha sakafu imelowa na mimi nilikiruka.

Nyundo: Nilisema mimi.

Karani Mstaafu: Amekatwa, hakunyimwa.

Msomaji Kimya: Nawasoma tangu asubuhi. Mimi niliumia kazini, mwezi ujao natimiza miaka 3. Nilikuwa nangoja nipone kwanza ndipo nidai. Bado nina muda?

Karani Mstaafu: Uingereza kwa kawaida ni miaka 3. Tennessee, Marekani, ni mmoja tu. Kwenu sijui, na usinisubiri mimi. Funga simu, nenda kwa wakili leo hii.

Mama Pacha: Na risiti zako beba.