Historia ya kiroho ya dini: nianze na vitabu gani?

Msomaji wa Nzuguni

Mbukwa wanajamvi, na shikamooni nyote mlionitangulia kwa umri.

Naomba mwongozo wa vitabu. Historia ya dini niliyosomeshwa shuleni ilikuwa historia ya mitaguso na mafarakano, ya makhalifa na madola yao, ya wamisionari waliofika Mpwapwa katika miaka ya 1870 na shule walizozijenga. Naiheshimu historia hiyo, kwa kuwa bila yake mtu hajui nani alitangulia na nani alifuata, lakini lipo jambo ambalo hailigusi kabisa: watu hao waliokesha wakisali, waliofunga, waliokimbilia majangwani, walikutana na nini huko, na waliporudi waliwaeleza nini wenzao? Nimechoka pia na vitabu vya malumbano, ambavyo mwandishi huandika juu ya dini ya jirani yake ili amshinde.

Nimeanza na William James, mwanafalsafa na mwanasaikolojia wa Marekani, kitabu chake kiitwacho "The Varieties of Religious Experience", ambacho ni mihadhara aliyoitoa Edinburgh kati ya mwaka 1901 na 1902. Nimempenda kwa sababu hahukumu kabla ya kusikiliza. Huwaacha waliopitia mambo waseme wenyewe, ukurasa kwa ukurasa, ndipo naye aseme lake. Hata hivyo mapema kabisa, katika mhadhara wa pili, anaweka mpaka unaonisumbua: kwa ajili ya mihadhara hiyo, dini itamaanisha hisia, matendo na mapito ya mtu mmoja mmoja katika upweke wake. Mimi nimekulia Dodoma, ambako Desemba ikifika katikati na mvua ikiwa haijanyesha, hakuna anayeomba mvua peke yake. Watu hukusanyika makanisani na misikitini, na vijijini wapo wazee wanaosimulia namna mtemi alivyolibeba jambo hilo kwa niaba ya nchi yake yote. Je, hayo hayamo katika historia ya kiroho ya wanadamu? Vipo vitabu vinavyompa mpweke haki yake na kusanyiko nalo haki yake? Nasoma Kiswahili na Kiingereza, na sina haraka.

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Marahaba, mwanangu. Umeuliza jambo zito, nami nitalijibu kwa urefu.

Ushauri wangu wa kwanza ni kwamba uwasome walioonja kabla ya kuwasoma waliochambua. Karen Armstrong aliandika "A History of God" mwaka 1993, na humo anapita miaka elfu nne ya Uyahudi, Ukristo na Uislamu kwa lugha nyepesi; ni kitabu kizuri, lakini anayekianza bila kumjua hata mmoja wa wanaotajwa humo hubaki na majina tu. Evelyn Underhill naye, katika kitabu chake cha mwaka 1911 juu ya mistiki, yaani mapito ya roho inayotafuta kuungana na Mungu, anaeleza hatua za safari ya roho kwa uangalifu mkubwa, ila ni kitabu cha kurudiwa mara kadhaa, si cha kuanzia.

Anza na "Maungamo" ya Augustino. Alizaliwa Tagaste mwaka 354, katika nchi ambayo leo ni Aljeria, na kitabu hicho alikiandika karibu na mwaka 400. Watu wengi husoma habari za ujana wake na kuongoka kwake, kisha wakakifunga. Wewe fika kitabu cha tisa. Mwaka 387 Augustino na mama yake Monika wako Ostia, wanapumzika kabla ya kupanda chombo kurudi Afrika. Wameegemea dirisha linalotazama bustani ya nyumba waliyofikia, wanazungumza juu ya uzima wa watakatifu utakavyokuwa. Mazungumzo yanapanda, kutoka vitu vya mwili hadi mbingu, kutoka mbinguni hadi ndani ya akili zao wenyewe, na kupita hapo, hadi kwa nukta moja wanaigusa ile hekima waliyokuwa wakiitafuta. Kisha wanashusha pumzi na kurudi kwenye maneno ya midomo, ambayo yana mwanzo na mwisho. Siku chache baadaye mama akaugua, akafa. Nakuomba uzingatie kwamba walikuwa wawili. Ukurasa huu ni miongoni mwa kurasa zinazosomwa zaidi katika mapokeo yote ya Kikristo ya Magharibi, na ndani yake hakuna mpweke: yupo mwana na mama yake, na mazungumzo yao ndiyo yaliyowapandisha.

Baada ya hapo msome Imamu Ghazali, mwanachuoni wa Kiislamu, katika "al-Munqidh min al-Dalal", kitabu anachosimulia safari yake mwenyewe, ambacho tafsiri zake za Kiingereza zipo. Mwaka 1095 alikuwa mwalimu mkuu katika madrasa ya Nizamiyya mjini Baghdad, mwenye wanafunzi wa kutosha na heshima isiyo na kifani, naye akajitazama na kuona kwamba anachokitafuta ni sifa. Kwa karibu miezi sita alivutwa huku na huku, leo anaazimia kuondoka, kesho anaghairi. Kisha ulimi wake ukafungwa. Alitaka kufundisha lakini neno halikutoka, chakula kikawa hakipiti kooni, na matabibu wakasema kwamba ugonjwa huu umeanzia moyoni, na usipoondolewa huko hakuna dawa. Akaondoka. Huko Dameski alikuwa akipanda mnara wa msikiti na kujifungia mlango kutwa nzima. Anayeishia hapo atadhani kwamba William James amepatia kabisa. Lakini endelea kusoma: miaka kama kumi na mmoja baadaye alirudi kufundisha, huko Nishapur, kwa sababu aliona imani za watu zimedhoofu na hakuweza tena kuuhalalisha upweke wake. Yaani upweke ulikuwa njia, na njia hiyo ilimrudisha kwa watu.

Kuhusu James, usimwache. Aliweka mpaka wa mihadhara yake, hakutoa fatwa juu ya dini zote.

Bint Kondoa

Assalaam alaykum, na shikamoo Mwalimu. Nimefurahi kuona Imamu Ghazali ametajwa hapa kwa heshima anayostahili. Nami naomba niongeze upande wa turuki, yaani njia za kisufi, kwa sababu mtu aliyewahi kuhudhuria zikri, yaani kumtaja Mungu kwa pamoja, ya Qadiriyya, mojawapo ya njia hizo, hawezi kukubali kwamba mapito ya kiroho ni ya mtu peke yake. Watu husimama duara, bega kwa bega, pumzi zinavutwa na kutolewa pamoja, sauti zinashuka hadi zinakuwa za kifuani tu, na khalifa, yaani kiongozi wa turuki, ndiye anayejua lini mwendo uongezwe na lini upunguzwe. Aliyezidiwa hushikwa na aliye karibu naye. Hapo kila mmoja yuko na Mola wake, na wote wako pamoja, na hakuna anayeona kwamba mambo hayo mawili yanagombana.

Kitabu ambacho ningekusihi ukitafute kwa udi na uvumba ni cha August Nimtz, kilichotoka mwaka 1980, juu ya Uislamu, siasa na turuki Afrika Mashariki. Anaeleza namna Qadiriyya ilivyoingia kwetu kwa juhudi za watu kama Shehe Uways wa Barawa, Somalia, aliyeuawa mwaka 1909, na anakaa sana Bagamoyo. Huko ndiko alikokuwa Shehe Ramiya, ambaye aliletwa pwani kutoka Manyema, mashariki ya Kongo, akiwa mtumwa, akasoma, akafikia kuwa khalifa wa Qadiriyya anayefuatwa na umma wa watu, hadi alipofariki mwaka 1931. Mimi naona habari hiyo moja inaeleza mengi kuliko sura nyingi za nadharia. Ndani ya turuki, aliyekuwa hana ukoo wala jina alipata silsila, yaani mnyororo wa masheikhe unaomuunganisha na Mtume, na hakuna muungwana aliyeweza kumvua. Kumbuka pia kwamba njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita Ugogo, yaani huku kwetu Dodoma. Mambo haya hayakuwa ya pwani peke yake. Ukitaka upana wa usufi tangu Rabia wa Basra hadi Rumi na baada yao, yupo Annemarie Schimmel, "Mystical Dimensions of Islam", wa mwaka 1975, mtaalamu aliyeandika kwa mapenzi.

Na kwa Kiswahili, usipite bila "Al-Inkishafi" ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, aliyoitunga mwanzoni mwa karne ya 19. Msemaji anauhoji moyo wake mwenyewe kwa nini umeghurika na dunia, kisha anautembeza katika majumba ya Pate yaliyokuwa ya matajiri: vidaka vya ukutani vilivyopangwa sahani za thamani sasa vinalaliwa na makinda ya ndege. Huyo ni mtu aliyeisoma elimu ya zuhudi, yaani ya kuipa dunia kisogo, na kuitia katika beti ambazo bibi asiyejua Kiarabu angeweza kuzihifadhi.

Mjukuu wa Ihumwa

Mbukwa. Waliotangulia wameeleza vizuri, nami nitabaki nyumbani, kwa kuwa naona ndiko swali lilikoanzia.

Kitabu cha kwanza ni cha Mathias Mnyampala, "Historia, Mila na Desturi za Wagogo", kilichotoka mwaka 1954. Wengi wanamfahamu kama malenga wa ngonjera, na wachache wanajua kwamba ni yeye huyo huyo aliyekusanya habari za koo za watemi wetu na mila zao. Alikuwa Mkatoliki aliyeitunga Injili kwa utenzi, na bado aliona mambo ya wazee yanastahili kuandikwa bila kuyadhihaki. Kitabu hicho kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Gregory Maddox mwaka 1995, na nyongeza za tafsiri hiyo ni msaada mkubwa.

Cha pili ni insha ya Peter Rigby ya mwaka 1968 juu ya ibada za Wagogo za utakaso. Rigby aliishi Ugogo na kuijua lugha. Anaeleza kwamba nchi inapoharibika, kwa mfano ng'ombe wanapokufa kwa maradhi, wanawake huvaa mavazi ya wanaume, hushika fimbo na kuchunga ng'ombe, kazi ambayo siku za kawaida si yao, kisha huucheza ule ubaya na kuutoa nje ya mipaka ya nchi. Soma polepole uone mantiki yake: mambo yamepinduka, basi watu nao wanajipindua kwa makusudi, ili yote yarudi yalipokuwa. Hapa hakuna mtu mmoja anayesimulia alichokiona moyoni. Kinachougua ni nchi, na kinachoponywa ni nchi. James hakuwa na chombo cha kupimia jambo la namna hii, na sidhani kwamba hiyo ni dosari ya Wagogo.

Kisha yupo John Mbiti, "African Religions and Philosophy", wa mwaka 1969, aliyesisitiza kwamba kwetu mtu yupo kwa sababu jamii ipo. Pia "The Historical Study of African Religion" cha mwaka 1972, kilichohaririwa na Terence Ranger na Isaria Kimambo, ambamo imo sura ya Gilbert Gwassa juu ya Kinjekitile na imani ya Maji Maji. Hiyo ni sura ya historia ya kiroho kwa kila maana ya neno hilo.

Bint Kondoa

Ndugu yangu wa Ihumwa amenikumbusha. Mimi ni Mwislamu na matambiko si sehemu ya ibada yangu, lakini anayetafuta historia hii akiwa Dodoma afike Kolo, huko Kondoa. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006, na moja ya sababu ni kwamba baadhi ya mapango hayo bado yana nafasi katika imani za watu wanaoishi jirani. Mongomi wa Kolo hutumiwa kwa matambiko ya mvua na ya uponyaji. Eric ten Raa, mtafiti aliyekaa na Wasandawe, kabila la mkoa huu, aliihusisha baadhi ya michoro na mambo yao yaliyo hai, ikiwemo ngoma ya simbo, ambayo wachezaji hupagawa na kuwa kama simba. Maandishi yake yako zaidi katika majarida ya kitaaluma, hivyo itabidi uyaulizie kwenye maktaba za vyuo.

Parokia ya Mjini

Tumsifu Yesu Kristo. Nina moja fupi. Kanisa kuu letu hapa Dodoma lina jina la Mtakatifu Paulo wa Msalaba, mwanzilishi wa Wapasionisti, watawa Wakatoliki walioilea misheni hii tangu miaka ya 1930, na waumini wengi hawajui kwamba aliacha shajara ya kiroho. Mwaka 1720, akiwa kijana wa miaka 26, alijifungia siku arobaini katika chumba kidogo kando ya kanisa huko Castellazzo, Italia, akaandika hali ya roho yake siku baada ya siku, zikiwemo siku za ukavu ambazo hakuhisi chochote. Ni maandishi mafupi na ya kweli. Kwa ndugu zetu Waanglikana, ufuatiliwe pia Uamsho wa Afrika Mashariki ulioanzia Rwanda na Uganda, ambao watu waliungama mbele ya wenzao. Festo Kivengere, aliyekuja kuwa mmoja wa wahubiri wake wakubwa na baadaye askofu, alifundisha sekondari hapa hapa Dodoma kuanzia miaka ya 1940.

Msomaji wa Nzuguni

Nimeshukuru kupita kiasi. Nitaanza na kitabu cha tisa cha Augustino na Mnyampala kwa pamoja. Mwalimu, naomba nikuulize jambo moja: nikiisoma ibada ile ya utakaso aliyoieleza Rigby, ni halali kuiita mistiki, au nitakuwa nawavisha wazee vazi lisilo lao?

Mwalimu Mstaafu, Mpwapwa

Usiiite hivyo. Rigby hakuandika juu ya mistiki, aliandika juu ya utaratibu wa jamii na namna unavyotengenezwa unapovunjika, na wanawake wale hawakusema kwamba wameungana na Mungu. Walisema kwamba wanautoa ubaya nje. Okot p'Bitek, mshairi na msomi wa Uganda, alilikemea jambo hili mapema, wakati ule ule Mbiti alipokuwa akivuma: kwamba wasomi wetu, kwa hamu ya kuwaonyesha Wazungu kuwa nasi tulikuwa na dini kamili, waliwavika wahenga wetu mavazi ya Kigiriki. Msome yeye sambamba na Mbiti, wala usichague upande haraka. Alichokiita mzee dini, kiandike dini. Alichokiita tiba, kiandike tiba. Na pale ambapo mzee mwenyewe amesimulia alichokiona, kama Ghazali alivyosimulia, hapo ndipo uweke neno hilo zito.