Wakuu, nivinunue hivi vifaranga vya bata maji au nifanyeje?

Mstaafu_Kunduchi:
Habari za jioni wakuu. Daktari aliniambia sukari haishuki kwa kukaa barazani, nitembee. Tangu mwaka jana kila alfajiri nazunguka shimo moja la zamani la kokoto huku Kunduchi, limejaa maji, wenyeji tunaliita ziwa kwa kujikweza tu. Mwanzo nilihesabu mizunguko, siku hizi nahesabu bata.

Ni wale wenye uso mweupe, kisogo cheusi, kifua chekundu cha hudhurungi. Hawalii kama bata wa nyumbani, wanapiga mluzi wa mapigo matatu, utadhani mtu anamwita mwenzake ng'ambo. Januari nilihesabu 34. Masika yalipoanza wakapungua, jana 2 tu. Nimenunua hadi darubini ya mtumba pale Karume, majirani wakajua nimeanza udalali wa viwanja.

Sasa leo jioni kijana anayevua perege pale kanionyesha ndoo: vifaranga 5 vya hao bata, kila kimoja elfu tano. Mjukuu wangu kalia mpaka kapaliwa. Kijana anangoja jibu usiku huu. Nikivichukua nitakuwa nimeviokoa, au nimekosea?

Chizi wa Tandale:
Nimeona "bata" nikakimbilia, kumbe hawa wa kuangalia tu! Ila mzee unakula bata kwa macho, hongera.

Binti Mlalakua:
Shikamoo mzee wangu. Usinunue. Ukitoa elfu 25 leo, kesho atakuja na ndoo mbili, maana umeshamfundisha kuwa kuna soko. Halafu kisheria, kukamata au kukaa na ndege wa porini bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009. Atakayekutwa navyo ni wewe na mjukuu.

Mwambie kijana avirudishe palepale alipovikuta, usiku huuhuu. Bata hao baba na mama wote huatamia kwa zamu na wote hulea, kwa hiyo yupo mzazi anavitafuta.

Mnandi Mweusi:
Naongezea kuhusu hao 32 waliopotea: hawajaliwa, toa wasiwasi (basi, si wote). Mvua zikinyesha maji yanajaa kila bonde, hawana sababu ya kubanana kwenye shimo lenu. Wanatawanyika kwenda kutaga chini kwenye majani marefu, na ndiyo maana huyo kijana amevipata kirahisi. Kiangazi kikikausha huko watarudi kundi zima.

Na ukiwakuta alfajiri wamesinzia kwa mguu mmoja usidhani wanaumwa. Hawa wanakula zaidi usiku.

Mstaafu_Kunduchi:
Marahaba binti. Na kuna kadogo, kahudhurungi, ukikatazama tu kanazama, kanaibukia mita kumi mbele. Ni kifaranga pia?

Mnandi Mweusi:
Hapana mkuu, huyo ni kibisi, na ni mkubwa tayari. Wala si bata. Miguu yake imewekwa nyuma kabisa, ndiyo maana majini ni fundi na nchi kavu anayumba kama mlevi. Ukimpenda huyo, Oktoba hadi Aprili nenda mabwawa ya chumvi ya hapohapo Kunduchi maji ya bahari yakijaa. Kuna ndege wametoka Ulaya na Asia kukimbia baridi.

Mama Wawili Mbezi:
Mjukuu asiwatupie mkate. Unawashibisha bila lishe na unaobaki unaoza majini. Na asiingize miguu humo kabisa, maji yaliyotuama yenye konokono ni kichocho hicho.

Chizi wa Tandale:
Mzee kimya. Ameshavinunua huyo.

Mstaafu_Kunduchi:
Nimerudi sasa hivi, saa nne kasoro. Tumekwenda na tochi ya simu, kijana akaonyesha majani alikovitoa. Tumeviweka, tukarudi nyuma, tukazima taa. Dakika kama kumi hivi hakuna kitu, mbu tu. Halafu mluzi ule ukalia karibu kabisa, na majani yakaanza kutikisika kuelekea majini.

Kijana naye ana watoto, sikuweza kumwacha mikono mitupu. Nimenunua perege wa elfu kumi ambao nyumbani hakuna aliyewaagiza. Mjukuu hanisemeshi.