Mrejesho: video ya picha za bibi imekamilika

Ndugu zangu, wiki iliyopita niliomba msaada. Nilikuwa na picha 63 za marehemu bibi, nikitaka ffmpeg (programu ya kutengeneza video kwa amri za maandishi) izigeuze video ya arobaini yake hapa Ujiji. Video ilikatika baada ya picha ya 17, na simu ya mjomba iligoma kabisa kuicheza.

Aliyeniambia nikague namba za mafaili, Mungu akubariki. Nilikuwa nimefuta picha018.jpg kwa kuwa ilikuwa na ukungu. Kumbe ffmpeg inafuata namba kwa mfululizo. Ikikuta pengo, hata la picha moja, inahesabu kwamba zimekwisha. Nimezipanga upya.

Amri iliyokubali:

ffmpeg -framerate 1/4 -i picha%03d.jpg -vf "scale=1280:720:force_original_aspect_ratio=decrease,pad=1280:720:(ow-iw)/2:(oh-ih)/2,setsar=1" -c:v libx264 -r 25 -pix_fmt yuv420p bibi.mp4

Hiyo 1/4 ni sekunde 4 kwa kila picha, jumla dakika 4 na sekunde 12. Simu ya mjomba ilitulizwa na yuv420p, maana picha za skana zilitoa mpangilio wa rangi ambao simu nyingi hazisomi.

Sehemu ya pad, inayojaza weusi pembeni mwa picha, msiiache. Bila hiyo, picha za wima zingeweza kuvutwa. Ninayoipenda kuliko zote ni ya wima: bibi yuko Kibirizi, ungo mkononi, dagaa wameanikwa mchangani mpaka miguuni pake. Sasa inaonekana nzima, na ungo wote.

Jana baada ya dua tuliitazama. Mama aliomba irudiwe mara tatu.