Kocha mpya anatumaliza na 3-4-3 yake. Viongozi wa timu mko wapi?

Jamani mashabiki wenzangu wa Malindi, na nyinyi viongozi ambao najua mnasoma hapa kimyakimya bila kujibu: nimenyamaza vya kutosha. Leo nasema, na atakayeudhika audhike. Timu yetu inakufa huku tunaiangalia, na kinachoiua ni huu mfumo wa 3-4-3 (mabeki watatu, viungo wanne, washambuliaji watatu) ambao kocha mpya kaja nao na hataki kuuacha, hata ukimwonyesha kwamba mabao tunayofungwa ni ya aina moja, upande mmoja, kila wiki.

Kabla hajaja tulikuwa tunacheza 4-4-2 ya kawaida. Haikuwa na madoido. Mabeki wanne nyuma, viungo wawili wanaopokonya mipira, mawinga wawili wenye mbio, straika mrefu na mwenzake wa kuokota vinavyodondoka. Nyumbani tulikuwa tunashinda, ugenini tulikuwa hatufungwi ovyo. Timu za Mambrui, Gede na Watamu zikija kucheza hapa zilikuwa zinakuja na wasiwasi. Sasa hivi wanashuka kwenye matatu wakiimba, kwa sababu wanajua mlango uko wapi.

Nieleze mlango wenyewe, maana kuna watu humu wanasema sisi mashabiki hatujui mpira, tunajua kelele tu.

3-4-3 inataka mabeki watatu wa kati, na wale wawili wa pembeni mwao lazima wawe wepesi, waweze kutoka kwenda kukaba winga kwenye nafasi kubwa na kurudi. Sisi mabeki wa kati halisi tunao wawili, na wote ni wa kuruka vichwa, si wa mbio. Wa tatu ni beki wetu wa kulia wa miaka yote, mfupi, mkali, kavutwa ndani akabanane na mastraika wanaompita kimo. Halafu mfumo unataka viungo wawili katikati wabebe upana wote wa uwanja peke yao. Mmoja wa viungo wetu ana pasi safi kuliko mtu yeyote hapa mjini, nampenda sana, lakini ni mtu mzima. Kumwambia akimbize viungo watatu wa wenzetu kwa dakika 90 ni kumdhalilisha mbele ya watoto wake. Na zaidi ya yote, mfumo unataka wingibeki wawili, watu wa kupanda na kushuka mstari mzima, mbele wawe mawinga, nyuma wawe mabeki, mwanzo mpaka mwisho.

Hapo kwenye wingibeki ndipo tunapofia.

Chukueni bao la pili la Jumapili. Mpira ulipotea katikati, kiungo wetu alipokonywa akiwa bado anageuka. Winga wetu wa kushoto, ambaye siku hizi ndiye wingibeki, alikuwa mbele kabisa karibu na kibendera cha kona, kwa sababu ndivyo alivyoagizwa. Wenzetu hawakuhangaika: pasi moja ndefu ya chini, nyuma ya mgongo wake. Beki wetu wa kati wa kushoto akatoka kwenda kuziba, akaacha mwanya. Yule wa katikati akasogea kuufunika ule mwanya, akaacha mwingine. Wa tatu akabaki na washambuliaji wawili, anamtazama huyu, anamtazama yule. Krosi ikapigwa chini, ikafika kwenye ule mchanga wa mbele ya goli ambapo kila mtu anayecheza hapa anajua mpira hufa, ikafa. Kipa alikuwa ameshatoka akidhani utamfikia. Mtu akaja taratibu akausukuma wavuni kwa ndani ya mguu, hakuna wa kumgusa. Kijana wetu wa kushoto wakati huo alikuwa ndiyo kwanza anavuka mstari wa katikati akirudi.

Na kocha akamfokea nani? Akamfokea yeye. Mbele ya watu, mbele ya mamake aliyekuwa amekaa kwenye kivuli pale na kina mama wenzake. Mimi hilo ndilo lililonifanya nikae niandike.

Huyu kijana wengi wenu mnamjua. Alfajiri yuko baharini, akitoka huko anashusha samaki, anapumzika kidogo, saa kumi alasiri yuko uwanjani. Hana mshahara wa mpira, hana daktari wa mpira, hana mtu wa kumpikia chakula cha mwanamichezo. Mguu wake wa kushoto ulikuwa ndiyo silaha yetu: akipewa mpira akiwa ametazamana na beki, hatua ya kwanza tu beki ameshaachwa. Kazi yake ilikuwa hiyo, na nyuma yake alikuwa na beki wa kushoto wa kumfunika. Kocha kamwondoa yule beki, kamweka benchi, kazi zote mbili kampa mtoto mmoja. Matokeo yake, kufikia mapumziko miguu imekwisha. Mbele hatishi tena mtu kwa sababu anapokea mpira akiwa hana pumzi, na nyuma hakabi kwa sababu hajawahi kufundishwa kukaba. Tumempoteza winga na beki hatujampata.

Halafu kuna upepo. Kocha ametoka bara, labda huko si tatizo, lakini hapa upepo wa kusi ukivuma jioni unaupeleka mpira unakotaka wenyewe. Mfumo wake unategemea ule mpira mrefu wa kuhamisha upande, kutoka beki wa kulia mpaka wingibeki wa kushoto aliyesimama peke yake kule. Kwenye runinga unapendeza sana. Kwetu mpira unapaa, unagota hewani, kijana anausubiri, beki wa wenzetu anapata muda wa kutembea mpaka pale, na tunaanza kukimbizwa upya. Wachezaji wazoefu walishamwambia kwamba hapa mpira unapita chini, na kipindi cha kucheza kinyume cha upepo unajikusanya, unapiga pasi fupi, unavumilia. Hakuwasikiliza.

Sasa watetezi wake. Najua mtakuja, na najua mtakachosema, kwa sababu tumeshabishana sana kule maskani.

Mtasema Conte, yule kocha Mwitaliano. Ndiyo, Conte alichukua ligi ya Uingereza msimu wa 2016/17 na Chelsea kwa 3-4-3, akashinda mechi 13 mfululizo. Lakini mnasahau alivyofika hapo. Hakuanza msimu na mfumo huo. Alianza na mabeki wanne, akapigwa tatu bila na Arsenal mwezi wa Septemba, ndipo akakaa akatazama kikosi alichonacho. Akaona ana Azpilicueta, beki wa pembeni anayeweza kucheza ndani. Ana Kanté, ambaye anakimbia kazi ya watu wawili. Ana Marcos Alonso na Victor Moses wenye mapafu ya kupanda na kushuka. Na msimu ule Chelsea hawakuwa Ulaya kabisa kwa sababu mwaka uliotangulia walimaliza wa kumi, kwa hiyo alikuwa na wiki nzima ya mazoezi kati ya mechi nyingi. Conte aliwaangalia watu kwanza, mfumo ukafuata. Wetu kaja na mfumo mfukoni kabla hajamjua hata kipa kwa jina. Na mazoezi yetu ni jioni chache kwa wiki, nusu ya wachezaji wako kazini, mwingine yuko na bodaboda, mwingine hotelini, mwingine baharini.

Mtasema kocha Arteta alipewa muda. Alipewa, kweli, Arsenal walimaliza wa nane mara mbili na hakufukuzwa. Lakini Arteta huyo huyo mwaka 2020 alipoona mabeki wake hawaaminiki, alicheza na watatu nyuma, akawafunga Chelsea 2-1 kwenye fainali ya Kombe la FA. Alipopata mabeki anaowataka akarudi kwenye wanne. Alikwenda kokote ambako wachezaji wake walimruhusu. Muda aliopewa aliutumia kubadilika. Sasa wetu muda tunaompa anaufanyia nini? Kila Jumapili kikosi kile kile, mashimo yale yale.

Na kama mnataka mfano wa kocha aliyekataa kubadilika, hauko mbali, nusu ya Malindi ni Man U na bado wanauguza donda. Kocha Amorim alifika Old Trafford, kwa Man U, Novemba 2024 akiwa na jina kubwa, Sporting ya Ureno aliipa ubingwa mara mbili. Kaja na mabeki wake watatu, kaambiwa kikosi hiki hakina wingibeki, kakaza. Wakamaliza ligi nafasi ya 15 na pointi 42, wakapoteza fainali ya Europa kule Bilbao mbele ya Tottenham, na Agosti 2025 wakatolewa Kombe la Carabao na Grimsby, timu ya daraja la nne, kwa penalti 12-11. Mwezi uliofuata akasema hata Papa hawezi kumfanya abadilishe mfumo. Januari 2026 akaondoshwa. Sikio la kufa halisikii dawa, na yeye alikuwa na pesa za kununua watu wa kuuweka mfumo wake sawa. Sisi hata mpira mpya tunachangishana.

Tena msiniambie ni mpira wa kisasa, eti sisi tumebaki nyuma. Ajentina ya kocha Bilardo ilibeba Kombe la Dunia mwaka 1986 na mabeki watatu nyuma, wengi wa vijana wetu hata hawajazaliwa. Mfumo huo haukuvumbuliwa juzi, na kuucheza hakumfanyi mtu kuwa na akili kuliko mwenzake.

Mnataka kocha mgeni aliyekuja akatumia akili? Mtazameni Benni McCarthy. Alipewa timu yetu ya taifa, Harambee Stars, Machi 2025, Agosti tukawa wenyeji pamoja na Tanzania na Uganda wa CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za ndani, mara ya kwanza Kenya kucheza mashindano hayo. Kundi letu lilikuwa na Moroko, Angola, Zambia na DR Kongo, kila mtu alishatuzika. Mechi ya Moroko pale Kasarani, straika wetu Ogam anafunga, halafu kabla ya mapumziko tunapewa kadi nyekundu. Benni hakung'ang'ania mpira aliopanga kucheza asubuhi. Alifunga milango, akawapanga watu kumi wasogeleane, wakabana kipindi kizima cha pili mpaka filimbi ya mwisho, 1-0. Na Moroko hao hao ndio walioondoka na kombe. Tukaongoza kundi, tukatoka robo fainali kwa penalti na Madagaska, na hakuna aliyemtukana Benni hata mmoja, kwa sababu tuliona mtu anayesoma mchezo ulio mbele yake.

Sisi wetu haoni. Mzee wetu mmoja, shabiki wa tangu timu hii inachezea viatu vya kuazima, alimfuata baada ya mechi kwa heshima zote, akamwamkia, akamuuliza mbona beki wa kushoto hachezi. Akajibiwa kwamba kazi ya shabiki ni kushangilia, mbinu aachiwe yeye. Mzee wa umri ule! Sisi ndio tunaochanga nauli ya ugenini. Sisi ndio tunaobeba maji. Jezi zikichanika ni mafundi wetu wanaozishona bure. Halafu tuambiwe tufunge midomo?

Sisemi afukuzwe. Wachezaji siku hizi wanafika mazoezini kwa wakati, kazi yake hiyo naiona. Mipira ya kona pia tunakaba vizuri kuliko zamani. Lakini mechi mbili za mwanzo alizoshinda, alizishinda kwa sababu wapinzani walikuwa hawajatuona. Tukamsifu mno, mgema akatia maji tembo. Tangu walipojua kupiga mpira nyuma ya wingibeki, hatujashinda.

Ninachotaka kiko wazi. Beki wa kushoto atoke benchi arudi mahali pake. Kijana arudishwe winga, asimame juu, aogopwe tena. Beki mfupi wa kulia arudi kulia. Mtu mzima wetu pale katikati aongezewe mwenzake wa kumkimbilia, hata ikibidi tucheze na straika mmoja. Hiyo haihitaji pesa, inahitaji kocha akubali kupanga upya majina aliyonayo.

Na nyinyi viongozi, iteni kikao kabla ya Jumapili, kocha awepo, wachezaji wakubwa wawepo, na mzee wetu yule aombwe radhi mbele ya watu kama alivyojibiwa mbele ya watu. Mechi ni ugenini, Gede, na wale wana winga wa kulia mwenye mbio kuliko wote tuliokutana nao msimu huu. Tukienda na mabeki watatu, mchango wangu wa nauli msiuhesabu.