Mashahidi wanne wameshajadiliana, maelezo yao niyachukueje?

Mkaguzi_Ghala: Wakuu, mzigo umeporomoka kutoka kwenye rafu ghalani, hakuna aliyeumia. Mashahidi wanne walikaa wakalijadili tukio kabla sijawahoji, na sasa wote wanasema kitu kimoja. Nataka niwaite pamoja wakumbushane. Ni sawa?

Kalamu_Nyekundu: Hapana mkuu. Huenda hiyo ni kauli ya mmoja iliyorudiwa mara nne. Mwaka 2003 mtafiti Fiona Gabbert na wenzake waliwaonyesha watu wawili wawili video za tukio lilelile, zilizopigwa kutoka pembe tofauti, wao wakidhani ni video moja. Kati ya waliojadiliana, asilimia 71 walitaja angalau jambo moja lililokuwa kwenye video ya mwenzake tu. Si lazima mtu awe anadanganya. Jambo linabaki kichwani, chanzo chake kinapotea: aliliona au aliambiwa?

Bila_Haraka: Kukumbushana nako kuna hasara. Wanne wakikumbuka pamoja hutoa machache kuliko wakiandika kila mtu peke yake, kisha ukajumlisha na kufuta yanayojirudia. Kila mmoja ana mpangilio wake wa kukumbuka. Mwenzake akidakia, unavurugika.

Mkaguzi_Ghala: Wameshaongea lakini. Naokoaje kilichobaki?

Kalamu_Nyekundu: Watenganishe leo hii. Karatasi tupu, aandike mwanzo hadi mwisho bila kukatizwa, na ajue "sikumbuki" ni jibu halali. Akimaliza, mpe kalamu ya rangi nyingine aweke alama kila sentensi: niliona, niliambiwa, sina hakika. Achore pia aliposimama. Ukikuta anaeleza nguzo ya rafu ilivyopinda, na pale aliposimama haionekani, hapo pana maneno ya kuazima. Muulize pia nani alianza kusimulia. Wa kwanza kusema ndiye mara nyingi huwavuta wengine.

Mkaguzi_Ghala: Swali langu la kwanza ni "Dereva alikuwa anakimbia kiasi gani?"

Bila_Haraka: Futa hilo, limeshamhukumu dereva! Watafiti Loftus na Palmer, 1974, waliwaonyesha watu filamu ya ajali ya magari, kisha wakawauliza mwendo wake: walioulizwa kwa kitenzi kikali, magari "yalipobamizana", baada ya wiki moja watu 16 kati ya 50 walisema waliona vioo vilivyovunjika. Wa kitenzi cha kawaida walikuwa 7 kati ya 50. Vioo havikuvunjika. Uliza tu, "Nini kilitokea kabla mzigo haujaanguka?" kisha nyamaza.

Kalamu_Nyekundu: Na maelezo yakitofautiana, usiyasawazishe kwenye ripoti. Yaandike yalivyo, kisha pima na picha za kamera na hali ya rafu yenyewe.