PhD ya jiografia: misitu kwa satelaiti au wahamiaji mjini? Natakiwa kujibu kabla ya Ijumaa

mchoraji_ramani
Wadau habari zenu. Nimepata nafasi mbili za PhD na kichwa kinaniuma. Moja ni kwa profesa wa mambo ya satelaiti, anafuatilia misitu inavyokatwa, ana jina kubwa sana. Ya pili ni kwa mhadhiri bado kijana, anafanya jiografia ya miji, wahamiaji wanapataje pa kuishi na mitandao yao ya kusaidiana. Zote nazipenda. Ingekuwa wewe ungechukua ipi?

bi_tabaka
Nusu ya habari umebaki nayo. Nani anakulipa na kwa miaka mingapi? Unataka kuwa mhadhiri au unataka cheti ukaombee kazi ofisini? Kuandika programu unajua au utaanzia huko huko?

pikseli30
Satelaiti, hata usijiulize. Picha za satelaiti za Landsat ni bure tangu 2008, unakaa na laptopu yako una rekodi ya dunia toka 1972. Kuna na satelaiti za Sentinel-2, pikseli moja (kidoti kimoja cha picha) ni mita 10 ardhini, zinapita pale pale kila siku 5. Chuo kikikunyima kazi unaenda kwenye bima, kilimo, mazingira, popote wanapotaka ramani. Huyo wa wahamiaji anaenda wapi?

mzee_wa_mashapo
Tuwekane sawa pikseli30, zile za 1972 pikseli ilikuwa kama mita 80, mita 30 imekuja 1982. Ukilinganisha msitu wa miaka hiyo na wa leo bila kulijua hilo utatangaza msitu umepotea kumbe ni macho tu yalikuwa mabovu.

pikseli30
Sawa mzee, ila hoja yangu iko pale pale.

nyayo_za_fildi
Ngoja niwaambie yaliyonikuta maana na mimi nilifuata jina. Profesa wangu alikuwa anatajwa kila mahali, nikaona nimeula. Mwaka wa kwanza nilimuona mara nne, na mara mbili kati ya hizo alikuwa na begi mkononi anawahi ndege. Eneo alilonipa mvua haikatiki, nikifungua picha naona weupe mtupu, mawingu, nikitafuta siku moja iliyo safi kwa mwaka mzima napata vipande vipande navishona kama kiraka cha suruali. Miezi minane imeondoka ndo mtu wa chumba cha pili ananiuliza kwa nini situmii rada, rada inapita kwenye mawingu. Hakuna aliyeniambia! Mwaka wa pili profesa akahamia chuo kingine, akaondoka na fedha za mradi na ile kompyuta kubwa, nikapewa msimamizi mwingine mtu wa barafu za milimani, mtu mpole sana ila sura yangu ya tatu alinirudishia amesahihisha mikato tu. Ufadhili ulikuwa miaka 3, nimemaliza ya 6, hiyo mitatu ya mwisho nafundisha vipindi vya kuunga unga usiku naandika. Kwa hiyo mimi simuulizi mtu unasoma nini, namuuliza msimamizi wako simu anapokea?

bi_tabaka
Pole sana ndugu. Mchoraji uko wapi wewe, maswali yangu hujajibu.

dada_mtaa
Mnavyomsema wa wahamiaji kama hana pa kwenda mnakosea. Mipango miji, afya, misaada, huko wote wanatafuta mtu anayejua kukaa na watu akaelewa. Na msimdanganye kwamba ni kazi nyepesi, saa moja ya mahojiano kuiandika neno kwa neno inakula saa tano au sita, ukiwa na watu arobaini piga hesabu mwenyewe. Halafu mada ya PhD siyo ndoa. Mwanajiografia Yi-Fu Tuan alianza na miteremko ya miamba Arizona, dunia inamjua kwa kuandika watu wanavyopenda mahali. Mwenzake David Harvey PhD yake ilikuwa kilimo cha Kent karne ya 19, mwaka 1969 katoa kitabu cha mbinu za kisayansi, 1973 anaandika miji kwa mawazo ya Karl Marx.

pikseli30
Hao walikuwa zama za kazi kubembelezwa. Leo ukibadilisha mada mwaka wa pili baada ya PhD kamati inakuona huna mwelekeo.

mzee_wa_mashapo
Zama zipi hizo? Harvard walifunga idara ya jiografia 1948, watu walikuwa na vyeti na hawana pa kuviweka. Jiografia haijawahi kuwa salama. Na hii GIS yenu, hizo programu za kuchora na kuchambua ramani, ni chombo tu kama nyundo.

pikseli30
Chombo! Mzee unachokoza sasa. Kwani lile bomba unalochimbia tope la ziwani ni sayansi?

mzee_wa_mashapo
Tope ndiyo sayansi. Bomba ni bomba.

mchoraji_ramani
Samahani nilikuwa kazini. Satelaiti wanalipa miaka 3, ile nyingine 4 ila natakiwa kufundisha semina kila muhula. Lengo ni kuwa mhadhiri. Programu najua kidogo sana. Na kitu kingine, profesa wa satelaiti nasikia anastaafu baada ya miaka miwili.

bi_tabaka
Jamani!! Hilo ndo lilikuwa la kuanza nalo.

nyayo_za_fildi
Rudi ukasome nilichoandika, taratibu.

pikseli30
Kustaafu si kufa, wengi wanaendelea kusimamia. Muombe msimamizi wa pili kwa maandishi, kabla hujasaini.

dada_mtaa
Na waandikie wanafunzi wa wote wawili, siyo wale waliowekwa kwenye tovuti yao, waliomaliza. Hasa walioacha katikati.

mchoraji_ramani
Sawa naandika leo. Nikichukua satelaiti laptopu ya RAM 8 inatosha?

mzee_wa_mashapo
Kwa QGIS, programu ya ramani, inatosha.

pikseli30
Haitoshi. Usimsikilize mtu wa bomba.