Mudogo wangu eko na kilo 86, antreneri (kocha) anataka afike 100. Tumulishe tu?

Mwana Katuba
Jambo bakubwa, niko na swali ya boksi na musinicheke. Mudogo wangu eko na miaka 20, urefu 1m88, juma ilipita tulimupima ku balansi ya muuzishaji wa unga, ikasema kilo 86. Anapigaka boksi mu sali (ukumbi ya mazoezi) moya hapa Lubumbashi, jina sitaji. Antreneri wake anamuambia paka kula, akule mpaka afike 100, ju feza ya boksi iko kule juu kwa banene. Sasa kwetu sahani yake ya bukari (ugali) imekuwa kama kilima ya mugodi ya Gécamines na mama ameanza kulalamika, mufuko ya unga haimalizi tena mwezi.

Mi nilimuambia antreneri anadanganya. Rocky Marciano, shampioni wa uzito wa juu miaka ya 1950, alikuwaka na kilo 84, 85, na alimaliza bila kushindwa hata mara moya, mapigano 49. Ali na Foreman pale Kinshasa 1974, hakuna hata mumoya mwenye alifika 100. Lakini rafiki yangu anasema bale ba zamani wakutane na Tyson Fury wa leo, 2m06 na kilo 120 na kitu, hawamalizi raundi mbili. Tulibishana ku malewa (kibanda ya chakula) mpaka tukawekeana bia mbili za Simba. Nani anasema kweli?

Gani ya Kushoto
Ndugu, nilipiga boksi miaka 9, sikufika mbali lakini ringi naijua. Siku moya walinivalisha gani (glavu) na jamaa wa kilo 112, mi nikiwa na 83. Watu wanaogopaka ngumi ya munene. Ngumi yake niliiona ikikuya toka mbali kama treni ya SNCC, nikatoka. Kitu ilinimaliza ni kunilalia. Anakukamata, anaweka mukono ku shingo, anaachilia mwili yote juu yako, na weye unasukuma ili utoke, akikuachia tu miguu inatetemeka. Raundi ya nne nilikuwa sawa mutu alibeba mifuko ya simenti kutwa nzima. Fury njo vile alimufanyia Mwamerika Deontay Wilder mwezi wa pili 2020, yee na kilo 124 mwenzake 105, raundi ya saba ikaisha. Kwa hiyo kilo si bule, usimudanganye mudogo.

Ila Marciano usimutaje hivi hivi, angalia alipigana na nani. Archie Moore, mwenye alimupiga, alikuwa shampioni wa kategori ya chini, ya kilo 79, alipanda tu kumutafuta. Wakati ule ukipita kilo 79 na nusu uko uzito wa juu, basi, hakuna ngazi katikati. Ngazi ya kruza waliiweka karibu na 1980, leo mupaka wake ni kilo 90.7. Marciano angekuwa leo, angekuwa kruza, na pengine antreneri angemukondesha ashuke 79.

Papa wa Kamalondo
Vijana, mnanikumbusha mbali. Mwaka 1974 nilikuwa mtoto wa shule, baba alituamsha usiku kusikiliza redio ya jirani, maana pambano lilipigwa alfajiri ili Wamarekani waangalie jioni kwao. Nyumba ilijaa watu mpaka dirishani. Foreman alikuwa amemwangusha Joe Frazier, bingwa wa wakati ule, mara sita ndani ya raundi mbili mwaka uliotangulia, wakubwa wote walisema Ali atatolewa kwa machela. Na sasa sikilizeni uzito: Ali 98, Foreman karibu 100 kamili. Kilo moja na nusu tu kati yao! Foreman tuliyemuogopa kama tembo leo angeonekana wa kawaida tu.

Jambo ambalo vijana hamlitaji ni raundi. Sisi tulizoea 15. Kisha kijana wa Korea, Kim Duk-koo, alifariki baada ya pambano mwaka 1982, ndipo WBC, moja ya mashirika yanayotoa mikanda ya dunia, wakashuka hadi 12 na wengine wakafuata. Mtu wa kilo 120 akijua ni 12 anaweza kujipangia pumzi. Mwongezee tatu, katika joto la Kinshasa, tuone. Foreman mwenyewe alikwisha kwenye ya nane, na hakuwa hata na hizo 120.

Na majitu hayakuanza leo. Jess Willard alikuwa na kilo 111 mwaka 1919, Dempsey mwenye 85 alimwangusha mara saba katika raundi ya kwanza. Carnera 118, Joe Louis 89, mwaka 1935, Carnera hakumaliza ya sita. Tofauti ni kwamba jitu la zamani lilikuwa kubwa tu, halijui boksi sana. Hawa akina Klitschko na Fury wamefundishwa toka utotoni, jitu lenye ufundi ni habari nyingine.

Halafu mwanangu, mbona hamumtaji Sumbu Kalambay? Kazaliwa hapa hapa Lubumbashi, 1956, akawa bingwa wa dunia wa WBA, shirika lingine la mikanda, mwaka 1987 akiwa na kilo 72. Alienda Italia, ni kweli, lakini ni wetu. Nani alimwambia ale bukari afike 100?

Mutoto wa Goma
We sha, hayo yote ni mapenzi ya bazee kwa Ali. Mi niko Goma hapa tunasema ukweli. Fury 2m06, Ali 1m91, sentimeta 15 na kilo 25 ao 30. Ali angemugusa na nini? Kamba?

Gani ya Kushoto
@Mutoto wa Goma, Usyk, ule wa Ukraine, eko na 1m91. Mikono sentimeta 198, sawa sawa na ya Ali. Alitoka kruza, akapanda, na kilo 102 tu akamupiga Fury mara mbili mu 2024. Na ya pili njo inanifurahisha: kisha kushindwa ya kwanza kwa tofauti kidogo, Fury akarudi na kilo 127, 8 zaidi ya ya kwanza, ju alifikiri kilo njo zilikosekana. Ba juji batatu bote bakampa Usyk 116-112. David Haye pia, kilo 98, alimushinda Valuev wa 143 mu 2009, ile mulima ya Warusi yenye 2m13. Sisemi Ali angeshinda, nasema tu mwili kama ule tumeshauona na banene ba leo, na haikuanguka.

Wa Kananga
Munaongea Uingereza na Ukraine na jibu iko hapa kwetu. Mabokseri Makabu na Martin Bakole ni ndugu, mama moya, Kananga moya. Makabu alibaki kruza, chini ya kilo 90.7, akakamata mukanda ya WBC pale Kinshasa mwezi wa kwanza 2020. Bakole 1m98, mwili yake njo imeumbwa vile, na kilo 129 alimupiga Jared Anderson kule Los Angeles mu raundi ya tano, nililia kama mutoto. Halafu mwezi wa pili 2025 wakamuita Riyadh siku mbili tu mbele ya pambano, aingie ku nafasi ya Dubois mwenye aligonjwa, apigane na Joseph Parker. Akapanda balansi na 143, Parker akamumaliza mu raundi ya pili. Mutu yule yule! Kilo 14 za kukosa mazoezi. Sasa huyu mudogo wa 86 utamuongeza 14 za nini, za bukari?

Nakuambia yaya, kwa amateri (boksi ya ridhaa) hana haja hata ya kukula zaidi. Ku Olympic ya Paris 2024 kulikuwa kategori ya 92, kisha ile ya kupita 92. Na 86 zake pale angeingia ya 92 bila shida na angebakiza nafasi ya kukomaa. Ana miaka 20, mifupa haijamaliza. Kilo zikikuya na mazoezi ya miguu zikuye, zikikuya na sahani zikatae.

Mwana Katuba
Aksanti bote, papa aksanti sana. Nimemusomea mudogo yote mbele ya mama. Kesho naenda kuuliza antreneri kama anajua hii ya kategori za amateri, ju mi naanza kufikiri anataka tu mutu munene wa kuvalisha gani na yule mwengine munene wa sali.

Simba rafiki amekataa kulipa, anasema Usyk si Ali, basi tumegawana moya moya. Na mama anauliza huyu Usyk anakulaka nini.